Shahidi Wako ni Nani?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na vijana wa Kidato cha Sita, katika mkutano wa mwaka wa Jumuiya yetu



Kamati ya maandalizi ilinipa kazi ya kuzungumza juu ya kuingia katika utumishi wa umma. Mada hiyo ni pana mno, nami nimepewa nusu saa kabla ya chakula. Nimeomba ruhusa niikate na kuchukua kipande kimoja tu. Nimearifiwa kwamba miongoni mwa vijana wanaomaliza mwaka huu wako wengi wanaotaka kuwa maofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini nimearifiwa pia kwamba swali wanalouliza zaidi ni hili: "Nani mkubwa tunayeweza kumwomba barua?" Swali hilo ndilo nitakalolijibu, na jibu langu ni kwamba limeulizwa kinyume.

Mimi si mwanajeshi. Kizazi changu hata JKT hakikupita, kwa sababu mafunzo ya mujibu wa sheria yalisimamishwa mwaka 1994 na hayakurudi mpaka mwaka 2013, wakati sisi tulikwisha kuwa watu wazima wenye familia. Mimi ni afisa utumishi. Kazi yangu kwa karibu miaka ishirini imekuwa kusoma maombi ya watu, vyeti vya watu, na barua za watu wanaowasifu watu. Nimesoma barua nyingi sana. Ninayoyasema leo nimeyapata mezani, na mengine kutoka kwa wenzetu wa shule hii waliovaa magwanda.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Kuwa ofisa wa jeshi si kupata ajira kama ajira nyingine. Ofisa mwanafunzi akimaliza mafunzo yake, kama pale Monduli, hutunukiwa kamisheni na Rais, ambaye ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Anatoka uwanjani akiwa Luteni-usu, kijana wa miaka ishirini na kitu, na muda si mrefu anaweza kukabidhiwa platuni, yaani askari kama thelathini. Baadhi yao ni wakubwa kwake kwa umri. Wengine wamekwisha kwenda kulinda amani nchi za mbali wakati yeye yuko darasani. Hao wote watakwenda anakowapeleka, na watarudi au hawatarudi kwa kufuata akili na tabia yake. Kamisheni, basi, ni dhamana. Na mtu hapewi dhamana mpaka aulizwe: nani anakujua?

Swali hilo Taifa letu limekwisha kulijibu kwa gharama. Tulipopata Uhuru, maofisa wazalendo walikuwa wachache mno. Luteni Alexander Nyirenda, aliyeuwasha Mwenge kileleni Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, alikuwa mmoja wa hao wachache. Jeshi lilikuwa bado lile lililorithiwa kwa mkoloni, na maofisa wengi walikuwa Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walidai mishahara na walidai kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Uasi ulipokwisha kuzimwa, jeshi lile likavunjwa. Mwalimu Nyerere akawaita vijana wa TANU wajiandikishe katika ofisi za chama chao wawe kiini cha jeshi jipya, na tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi likazaliwa.

Tazameni maana yake. Watu hawakuulizwa tu kama wana miguu ya kutembea na macho ya kulenga. Waliulizwa wametoka wapi na ni nani awajuaye huko walikotoka. Nyakati zile tawi la chama ndilo lililomjua kijana. Leo mambo hayako hivyo. Tangu turudi katika vyama vingi mwaka 1992, chama si mlango wa kuingilia jeshini, na Katiba yetu, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Basi kijana anayetafuta ushuhuda wa kwenda jeshini asiende kubisha hodi ofisi ya chama, kiwe kikubwa au kidogo. Lakini swali la mwaka 1964 halikufutwa: nani anakujua?

Sasa tuje kwenye utaratibu. Someni tangazo. Nasema tena, someni tangazo, msisome maneno ya mitaani juu ya tangazo. Matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni yametaja uraia, kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, tabia njema, kutopatikana na hatia mahakamani, na cheti cha kuhitimu JKT. Umri hutofautiana kufuatana na elimu ya mwombaji. Yametaka pia maombi yaandikwe kwa mkono, yapelekwe Makao Makuu ya Jeshi, Dodoma. Mwandiko wako nao ni shahidi, ndugu yangu. Ukiandika ombi kwa papara huku umeegemea bonge la ukuta wa steshenari, karatasi itasema hivyo.

Mashahidi wako huingia katika safari hii kwa milango mingi, na mara nyingi wewe huwaoni wakiingia. Serikali ya kijiji au ya mtaa inakutambulisha. Cheti cha kumaliza shule kina mahali ambapo Mkuu wa Shule anaandika juu ya mwenendo wako. Kule JKT makamanda wanakutazama alfajiri ukiamshwa, na usiku wa manane ukiwa lindoni. Ukiomba kazi za Serikali baada ya Chuo Kikuu utaandika majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Na ukifikia hatua ya upekuzi, watu watakwenda kuuliza mahali ulipoishi. Hata pale ambapo tangazo halikutaja barua, siku moja mtu ataulizwa juu yako. Kwa hiyo kazi ya kuchagua mashahidi huianzi siku ya kujaza fomu. Umeianza tangu Kidato cha Kwanza, kwa namna unavyoishi na watu.

Hapo ndipo ninaposema swali limeulizwa kinyume. Kijana anauliza, "Nani mkubwa?" Ilimpasa aulize, "Nani ameniona?"

Barua ya mkubwa asiyekujua naweza kuitambua kabla sijafika mstari wa tatu. Inaanza kwa cheo cha mwandishi na inaendelea kwa cheo cha mwandishi. Kisha inasema: "Namfahamu mwombaji kuwa ni kijana mwadilifu, mchapakazi, mwenye nidhamu ya hali ya juu na mzalendo." Basi. Maneno hayo manne unaweza kuyaandika juu ya mtu yeyote, hata juu ya marehemu. Hayamwambii msomaji neno moja ambalo hakulijua. Na msomaji mzoefu anajiuliza: ikiwa kijana huyu ameishi miaka kumi na tisa, mbona hakupata hata mtu mmoja wa kusema alimwona akifanya nini?

Ngoja niwape mfano wa pili. Mwenzetu mmoja wa hapa hapa, ambaye sasa ni ofisa, alipomaliza Chuo Kikuu alitakiwa kutoa majina ya watu wanaomfahamu. Alikuwa na mjomba mwenye cheo kikubwa, na nyumbani wote walimwambia jina la kwanza liwe la mjomba. Yeye akaandika jina la mwalimu aliyesimamia shamba la shule. Wale wa miaka yetu wanaukumbuka ule mwaka pampu ilipokufa na tukawa tunachota maji bondeni. Mwenzetu huyu alikuwa kiranja wa maji. Mwalimu aliandika mambo matatu tu. Kwamba kwa wiki tano kijana huyo aliamka saa kumi alfajiri kupanga zamu, na jina lake liliwekwa kwenye zamu kama majina ya wengine. Kwamba ndoo za jikoni na za wagonjwa zilijazwa kwanza, na hata kaka mkuu alipotaka kuruka mstari alikataliwa kwa adabu. Na kwamba mwanzoni alikuwa mwepesi wa kufoka, akaonywa, na baada ya kuonywa hakufoka tena.

Sisemi barua ile ndiyo iliyomwingiza. Mbio, vipimo vya afya na usaili vilikuwa vyake mwenyewe. Lakini mtazameni mtu anayetokea katika mistari ile. Anapanga kazi. Hajipendelei. Anaweza kumwambia mkubwa hapana bila kumvunjia heshima. Akikosolewa anajirekebisha. Hayo ndiyo hasa mambo anayotafutwa nayo mtu wa kuongoza askari thelathini. Na mjomba, pamoja na cheo chake chote, asingeweza kuandika hata moja kati ya hayo, kwa sababu hakuwepo bondeni.

Msidhani jambo hili ni la kwetu tu. Marekani wana chuo cha maofisa cha West Point, kilichoanzishwa mwaka 1802. Huko sheria yenyewe inataka mwombaji wa kawaida apendekezwe na mkubwa, kama vile seneta au mbunge wa jimbo lake. Mtu angedhani baada ya jina la seneta hakuna linalohitajika tena. La hasha. Chuo hicho bado kinataka walimu waliomfundisha kijana, akiwamo mwalimu wa hisabati, waeleze wanavyomjua. Mkubwa anafungua mlango kwa mujibu wa sheria, lakini anayesema kijana ni mtu wa namna gani ni yule aliyekaa naye darasani.

Basi, kama utatakiwa kutoa majina matatu, nakushauri uyagawe hivi. La kwanza liwe la mwalimu, na si lazima awe Mkuu wa Shule. Mkuu wa Shule ana wanafunzi mia nyingi. Mlezi wa bweni, mwalimu wa michezo au mwalimu wa zamu aliyekuona ukiwa umechoka na umeshindwa anaweza kuwa na mengi zaidi ya kusema. La pili liwe la mtu aliyekusimamia kazi: kamanda wako wa JKT, msimamizi wa ujenzi ulikobeba zege wakati wa likizo, au mwenye duka uliyemwekea hesabu. Mtu aliyekukabidhi fedha au funguo ni shahidi mzuri kuliko mtu aliyekukabidhi kombe. La tatu liwe la mtu wa kwenu: mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa mtaa, sheikh au padri, lakini awe ni yule aliyekutuma ukatumika. Sheikh anayekujua kwa sababu uliwafundisha watoto madrasa ni shahidi. Sheikh anayekujua kwa sababu anamjua baba yako si shahidi.

Ndugu wa damu waacheni. Baba, mjomba na kaka hata wakisema kweli hawataaminiwa, na si kosa la msomaji. Wachague angalau mmoja aliyewahi kukukosoa. Barua isiyo na doa hata moja humfanya msomaji atafute doa mwenyewe.

Kuomba nako kuna adabu yake. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu wa mstari mmoja. Nenda mapema, kwa maana muda wa matangazo ya Jeshi huwa ni wa siku chache na mwalimu naye ana mitihani ya kusahihisha. Mchukulie nakala ya tangazo na orodha fupi ya mambo mliyofanya pamoja, umkumbushe mwaka na kazi. Kisha muulize hivi: "Mwalimu, je, unanifahamu kiasi cha kuweza kunishuhudia?" Swali hilo linampa nafasi ya kusema hapana. Akisema hapana, au akisitasita, mshukuru uondoke bila kinyongo. Amekusaidia sana. Usimwandikie wewe barua akatia sahihi tu. Na usiombe kuisoma; mwache aandike kwa uhuru.

Kuna jambo jingine ambalo nataka nilitenganishe kabisa na hili, nalo ni kimemo. Barua ya ushuhuda huenda pale inapotakiwa, kwa njia iliyotajwa, na inaeleza mtu. Kimemo huenda pale kisipotakiwa, kwa mlango wa nyuma, na kinaagiza mtu: "Huyu ni kijana wangu, msaidie." Kama tangazo halikuomba barua, usipeleke barua. Kutumia cheo kushinikiza maamuzi ya ofisi nyingine si msaada wa kindugu, na tuna sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007. Hali kadhalika jihadharini na wale wanaodai kuwa na "mtu wao" Makao Makuu na kutaka fedha. Jeshi lenyewe limewatahadharisha wananchi mara kwa mara juu ya matapeli hao. Nafasi za jeshi haziuzwi. Mzazi anayeuza ng'ombe ili anunue nafasi amepoteza ng'ombe, na pengine amemfundisha mwanawe somo la kwanza la uofisa kuwa ni hongo.

Sasa, ndugu zangu wanafunzi wa zamani, nimemaliza na vijana. Nina neno nanyi.

Sisi ndio tunaoombwa barua hizi. Tuna mihuri, tuna vyeo, na tunapenda kusaidia shule yetu. Kijana anakuja na shati jeupe na tai ya shule, anasema shikamoo, moyo unayeyuka. Tunaandika. Tumemfahamu kwa dakika kumi, na tunaandika kwamba tunamfahamu kuwa ni mwadilifu. Tunajiambia ni karatasi tu, haiwezi kumdhuru mtu.

Inadhuru. Kwanza inamdhuru kijana mwingine, ambaye hakuwa na mkubwa wa kumwandikia na ambaye barua yake ya kweli imefunikwa na rundo la barua zetu za uongo. Pili inazidhuru barua zetu zote, kwa kuwa afisa akizoea kusoma sifa zisizo na mtu ndani yake, huacha kuziamini hata zile za haki. Tatu, na hili ni zito, inaweza kuwadhuru wale askari thelathini. Wao hawakuulizwa. Hawakuiona barua. Siku watakapoamrishwa kuvuka mto na Luteni-usu asiyejua kukubali ushauri wa sajini wake, sahihi yangu itakuwa ng'ambo ile pamoja nao, wala sitajua.

Kwa hiyo naomba Jumuiya yetu ikubaliane juu ya mambo matatu. La kwanza: asiwepo miongoni mwetu atakayemwandikia kijana barua kwa sababu tu amesoma hapa. Tuandike tuliyoyaona kwa macho yetu, tuseme tumemfahamu kwa muda gani na katika kazi gani, na tuwe tayari kuulizwa. La pili: tukiombwa na tusiyemfahamu, tusimfukuze. Tumwelekeze kwa aliyemwona, na kama tuna nafasi tumpe kazi halisi wakati wa likizo, ofisini, shambani au gereji, ili mwaka ujao tuwe na la kusema. Huo ni msaada mkubwa kuliko barua. La tatu: tuwaombe walimu wetu, kwa idhini ya Mkuu wa Shule, waweke daftari moja kwa kila bweni la kuandika kazi alizokabidhiwa kila kijana na jinsi alivyozifanya, nasi tuchangie gharama yake. Walimu huhamishwa na hustaafu. Daftari litabaki. Kijana wa kijijini asiye na mjomba mjini atakuwa na shahidi aliyeandikwa kwa wino.

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ninyi vijana mna miezi michache kabla ya mtihani. Bado kuna zamu za bwalo, kuna funguo za stoo, kuna wagonjwa wa kupelekwa zahanati usiku, na kuna wadogo wa Kidato cha Tano wasiojua hisabati. Shikeni kazi hizo. Walimu wanatazama.